Sura ya Tisa: Mkwaruzo Kwenye Bati la Shaba

Inspekta Thirza Blagdon aliufunga mlango wa ukumbi wa Sculpin Arm, akatia ufunguo, akazungusha. Komeo likaingia kwenye mwimo bila kinyongo. Akafungua, akafunga tena, likaingia tena. Aliendelea hivyo mpaka Konstebo Gus Rideout, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akitafuna mkate wa kukaanga uliopakwa molasi, akashindwa kuvumilia.

"Afande, ukiendelea hivyo hicho kitasa kitaleta posa kwenu."

"Kula mkate wako, Gus."

"Nakula. Nasema tu, mahari ya kitasa ni funguo tatu."

Thirza hakucheka. Kitasa kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililomkera. Kingekuwa kibovu, Wilf Snook angelala kwake, si kwenye chumba cha nyuma ya ofisi ya Gus.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ukumbi ule ulikuwa na kengele ya shaba ya meli ya Selina Mae, iliyozama na wanaume wa ghuba hiyo enzi za babu zao. Kila Agosti watu hukusanyika, majina ya waliozama husomwa, na kila jina hupigiwa kengele mara moja. Tangu ukumbi ujengwe mlango wake haukuwahi kuwa na kufuli. Mwaka huu kampuni ya bima ikaja juu: bila kitasa cha komeo, hakuna bima. Effie Keeping, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ambaye kila mtu humwita Shangazi, akampa kazi hiyo Wilf Snook. Wilf alikuwa ametoka jela majira ya machipuko, alikofungwa kwa kuiba injini za mashua. Watu walinung'unika. Shangazi Effie akawaambia wakanung'unikie baharini.

Ijumaa jioni Mchungaji Petkau alifunga ukumbi kwa ufunguo wake, akapanda feri kwenda kuhubiri ng'ambo. Jumamosi asubuhi Shangazi Effie akafungua kwa ufunguo wake, akakuta ndoano ya kengele ikiwa tupu. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari tangu msimu wa dhoruba, na hakuna hata kioo kilichopasuka. Mchungaji alikuwa ng'ambo ya maji. Shangazi Effie alicheza karata na majirani mpaka kulipokucha. Ufunguo wa tatu ulikutwa mfukoni mwa Wilf.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Pale Sculpin Arm yalinuka kuanzia gatini mpaka kanisani. Mkubwa wa Thirza mjini alikuwa amekwisha piga simu: mshukiwa apelekwe kwa feri ya mchana. Akishafika mahakamani na rekodi yake ile, dhamana asahau, na hata akija kuachiwa, ghuba isingempokea mara ya pili. Thirza alikuwa na muda wa asubuhi hiyo tu.

Alipiga magoti mbele ya mwimo akaliangalia bati la shaba lenye tundu linalopokea komeo. Chini kidogo ya tundu palikuwa na mkwaruzo mwembamba, ulionyooka kutoka katikati ya bati mpaka ukingo wa nje.

"Fundi kateleza na tupa," alisema Gus juu ya bega lake.

"Labda," alisema Thirza. Akaupiga picha, akainuka.

* * *

Wilf Snook alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili. Chai aliyopewa na Gus ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Nieleze ulivyokiweka kitasa," alisema Thirza.

"Utanipa cheti?"

"Nieleze, Wilf."

Akavuta pumzi. "Nilibandika mlangoni ile karatasi ya vipimo iliyokuja na kitasa. Nikatoboa tundu kubwa kwa keekee. Ncha ilipochungulia upande wa pili nikazunguka, nikamalizia kutoka huko, mbao isichanike. Kisha tundu dogo kwenye ukingo wa mlango, komeo lipite. Nikachonga kwa patasi ili bati lilale sawa. Ndipo nikaja kwenye mwimo."

"Kwenye mwimo ulijuaje pa kutoboa?"

"Niliazima rangi ya mdomo kwa Shangazi Effie." Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Unapaka kwenye ncha ya komeo, unafunga mlango, unalisukuma komeo libusu mbao. Penye busu ndipo penye tundu."

"Ukajaribu?"

"Kutwa nzima. Liliingia mpaka mwisho. Komeo lisilofika mwisho ni pambo, afande, halizuii hata paka."

"Ufunguo wa tatu ulibaki kwako kwa nini?"

"Nilisahau kuurudisha. Najua inavyosikika."

"Kuna mtu anasema alikuona mlangoni Ijumaa usiku, umesimama unaupapasa."

Wilf aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikutafuta kitu. Nilikwenda kuuangalia." Akasema kwa sauti ya chini, "Ile ni kazi ya kwanza niliyoifanya watu wakaniambia asante. Kufungua sikufungua. Niliuangalia tu, nikaenda zangu kulala."

Thirza aliandika. Alimwamini, akajichukia kwa kumwamini, maana imani haipelekwi mahakamani.

"Afande," alisema Wilf alipokuwa akitoka. "Hata mimi ningenishuku."

* * *

Aliyemwona Wilf alikuwa Corwin Thatcher, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka bara, aliyepanga nyumba ya wageni wiki hiyo. Thirza alimkuta gatini, gari lake la mizigo likiwa la kwanza kwenye foleni ya feri. Bwana huyo alikuwa na koti zuri na maneno mazuri.

"Naumia sana, Inspekta. Kijana mdogo vile! Lakini macho yaliona."

"Yaliona nini hasa?"

"Amesimama mlangoni, anaupapasa kama mtu anayempapasa farasi wake. Sikumwona akiingia. Siwezi kumsingizia mtu."

"Na wewe ulikuwa unatoka wapi?"

"Natembea tu. Usingizi wa kitanda cha ugenini, si unajua." Akampa pipi ya mnanaa. "Mnampeleka lini?"

"Kwa feri hii."

"Basi tutasafiri pamoja," alisema Thatcher kwa huzuni ya heshima.

Thirza alirudi kilimani huku pipi ikiyeyuka mfukoni. Yote aliyosema Thatcher yalikuwa kweli, na Wilf mwenyewe ameyakubali. Mlangoni pa ukumbi alimkuta Shangazi Effie amesimama na kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Nimekuja uniulize tena," alisema yule mama. "Labda nitakumbuka vingine."

"Jumamosi asubuhi ulitia ufunguo. Ukasikia nini?"

"Nilisikia komeo likirudi, ta! Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu. Nitaapa mbele ya jaji yeyote, na natamani ningekuwa kiziwi." Akafuta pua. "Mimi ndiye niliyemtetea. Wakaniambia Effie, umelea nyoka. Sasa nikipita dukani wananinyamazia."

Honi ya feri ililia kule chini. Gus akatazama saa, akamtazama Thirza.

* * *

Mchungaji Lorne Petkau alishuka kwenye feri akapanda kilima mbio, koti likimfuata nyuma. Alikuwa amehamia Sculpin Arm mwaka huo huo kutoka nchi tambarare za ngano, kule ambako, Gus alipenda kusema, mbwa wako akitoroka utamwona akienda kwa siku tatu.

"Nimesikia tu leo," alisema akihema. "Wilf? Haiwezekani. Niambieni nifanye nini."

"Fanya ulichofanya Ijumaa," alisema Thirza. "Vile vile. Usiongeze, usipunguze."

Mchungaji alisimama mlangoni, akausukuma mlango kwa kiganja mpaka ukakaa, akatia ufunguo, akazungusha. Pakasikika *ta* fupi. Ufunguo ukakwama. Akaurudisha kidogo tu, akauchomoa.

"Hivi."

"Ulikwama."

"Ndiyo, ni mgumu kidogo. Vitasa vipya ndivyo vilivyo."

"Hukuuvuta mlango kuona kama umefunga?"

"Feri ilikuwa inapiga honi, Inspekta. Nilikimbia."

Thirza alishika mkono wa mlango, akauzungusha, akavuta. Mlango ukafunguka. Chuma kilikwaruza shaba, kikatoa mlio wa kisu juu ya sahani. Shangazi Effie alishika mdomo.

"Mchungaji!" Gus aliruka kutoka kwenye ngazi. "Hukuunyanyua!"

"Kuunyanyua nini?"

"Mlango!"

"Kwa nini mtu anyanyue mlango?"

Gus aliangalia nyonga yake kana kwamba kaiona leo.

Katika ghuba ile, kila msimu wa baridi ardhi huganda, huvimba, na huzipandisha nguzo za nyumba upande mmoja. Milango hulegea kwenye bawaba na kuburura kizingiti. Mtoto wa pale hujifunza kufunga mlango pamoja na kutembea: mkono unainua, nyonga inasukuma, mlango unapanda na kukaa. Akikua hajui tena kwamba anafanya hivyo, kama usivyojua unaanza na mguu gani ukivaa suruali.

"Wilf ni wa hapa," alisema Thirza polepole. "Alipopaka rangi ya mdomo aliufunga mlango kwa nyonga. Busu likakaa juu, tundu likachimbwa juu. Aliupimia kitasa mlango ulionyanyuliwa." Akageuka akamtazama Gus. "Na mimi nimezaliwa ghuba ya jirani. Asubuhi nzima nimejaribu kitasa hiki kwa nyonga yangu mwenyewe, nikakisifu!"

Aliona aibu, akacheka hiyo aibu kwa sauti.

"Lakini mimi nilisikia komeo likirudi," alisema Shangazi Effie.

"Na lilirudi. Lilikuwa limetoka upana wa ukucha tu, likagonga bati chini ya tundu, likakomea hapo. Ulipotia ufunguo likarudi ndani, ta. Hukukosea, Shangazi. Tumekosea sisi tuliodhani kilichotoa mlio kilikuwa kimefunga."

Gus alikuna kidevu. Alikuwa mchangamfu, lakini hakuwa mjinga. "Afande, sipendi kuwa mkosi. Hii inaonyesha kwamba ukumbi ulikuwa wazi. Haionyeshi kwamba Wilf hakuingia."

"Shangazi, ile rangi ya mdomo unayo?"

Ilikuwa mfukoni. Thirza aliufunga mlango bila kuunyanyua, kwa shida, maana mwili ulikataa na ilibidi ajishikize ukutani. Kisha akaufungua tena kidogo na kuipaka ncha ya komeo ikawa nyekundu, akarudishia.

"Gus, fungua. Usifikiri."

"Hilo naliweza." Gus aliushika mlango akaufungua kama alivyofungua milango maisha yake yote. Kwenye bati pakabaki mstari mwekundu uliopanda kutoka chini mpaka mdomoni mwa tundu.

Thirza akaufuta, akapaka upya. "Mchungaji, sasa wewe."

Mchungaji alivuta tu. Mstari mwekundu ukaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa bati, ukaufunika ule mkwaruzo wa zamani usionekane hata kidogo.

Wote wanne waliinama wakautazama.

"Mwenye ufunguo angetia ufunguo," alisema Thirza. "Komeo lingerudi, bati lisingekwaruzwa. Wilf alikuwa na ufunguo na aliamini kwa roho yake yote kwamba kitasa chake kimefunga. Asingekuja kujaribu mlango kwa mkono mtupu. Aliyeingia hakuwa na ufunguo, alijaribu bahati yake. Na hakuunyanyua mlango. Si mtu wa hapa."

"Usiku ule wageni walikuwa wawili," alisema Gus. "Mchungaji alikuwa ng'ambo, ameonekana na kanisa zima."

"Wengine walisinzia," alisema Mchungaji kwa unyenyekevu, "lakini walikuwepo."

Thirza alikuwa amekwisha anza kushuka kilima.

* * *

Gatini watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya harusi. Walikuja kumwona Wilf Snook akipelekwa, wengine kwa uchungu, wengine kwa kusema tulisema. Wilf, aliyeletwa na Gus kama mkubwa alivyoamuru, alikuwa amesimama kando ya gari la polisi na pingu, akitazama viatu vyake. Gari la Thatcher lilikuwa mbele ya daraja la chuma la feri, injini ikinguruma.

"Inspekta!" aliita Thatcher dirishani. "Nilidhani mmeniacha niende peke yangu."

"Una nini humo ndani, Bwana Thatcher?"

"Meza mbili, kabati la vyombo, magodoro. Nina stakabadhi zote." Tabasamu lake halikutikisika. "Kama mnataka kupekua, itabidi mniletee hati ya mahakama. Si kwa ubaya, ni sheria."

"Ni sheria," alikubali Thirza. Alilitazama gari, akalitazama lile daraja la chuma lenye ukingo uliopanda juu ya gati. Kisha akapisha njia. "Sina hati. Ingia ferini."

Gus alimkodolea macho. Thatcher aliinua kofia, akatia gia. Magurudumu ya mbele yalipanda ukingo, yakaanguka upande wa pili kwa kishindo, na kutoka ndani ya gari, chini ya magodoro, ikasikika sauti nzito ya shaba. Magurudumu ya nyuma yakafuata. Ikalia tena.

Hakuna mtu pale aliyehitaji kuambiwa ni nini. Wanaume walivua kofia kabla hawajafikiri, kama wafanyavyo kila Agosti. Mwizi alikuwa ameifunga kengele kwa blanketi nzuri, lakini hakuufunga ulimi wa kengele wenyewe, kwa sababu hakuwahi kusikia jina la mtu likipigiwa kengele hiyo.

Thatcher alizima injini. Hapakuwa na pa kukimbilia: mbele feri, nyuma ghuba nzima.

"Gus," alisema Thirza, "sasa mpigie hakimu simu umwombe hati. Na zile pingu zihamishe."

Gus alimfungua Wilf. Wilf alisugua vifundo vya mikono, akamtazama Thatcher, akaitazama kengele ikishushwa na watu sita waliogombania kuibeba. Alipofungua kinywa, swali lake halikuhusu kengele wala mwizi.

"Kitasa changu kilikosea wapi?"

* * *

Alikirekebisha alasiri ile ile. Hakutaka kusubiri, na hakuna aliyetaka kumzuia. Kwanza alitoa skrubu fupi kwenye bawaba ya juu, akatia ndefu zinazofika kwenye nguzo yenyewe, mlango ukainuka kutoka kwenye kizingiti. Kisha akang'oa bati la mwimo, akaziba matundu ya zamani kwa vijiti vilivyopakwa gundi, akachukua patasi. Thirza, aliyepaswa kuwa anaandika ripoti, alikaa kwenye ngazi akimwangalia. Ni furaha kubwa kumwona mtu akirudishiwa mikono yake.

"Nyonga kaa mbali!" alipiga kelele Gus kila Wilf alipousogelea mlango.

"Simwamini mtu yeyote wa ghuba hii," alisema Wilf. "Mchungaji, njoo. Wewe ndiye kipimo changu."

Mchungaji Petkau alikuja kama aliyeitwa madhabahuni. Akasukuma kwa kiganja, akatia ufunguo, akazungusha. Komeo likapita tundu kwa ulaini, likafika mwisho. Akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaweka na mguu ukutani. Haukutikisika. Watu waliokuwa uani wakapiga makofi, na walionung'unika sana asubuhi ndio waliopiga kwa nguvu.

Shangazi Effie alisubiri mpaka wametawanyika. Alikuja na sahani iliyofunikwa, akaiweka juu ya sanduku la vifaa bila kumtazama Wilf usoni.

"Nilikuwa tayari kuapa," alisema.

"Ulisema ulichosikia, Shangazi."

"Nilikuwa tayari kuapa," alirudia, "na ningekuua." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Wilf hakujua afanye nini na mikono yake mikubwa, kwa hiyo akafunua sahani. Ilikuwa samaki wa chumvi na viazi, bado moto.

"Mlango wangu wa jikoni nao unaburura," alisema Shangazi Effie alipopata sauti. "Kitasa sitaki. Nataka tu usimame sawa kabla ya baridi. Kesho uje."

"Nitakuja. Nije nibishe saa ngapi?"

Kwingine duniani kubisha hodi ni adabu. Sculpin Arm hubisha askari, mtoza kodi na mgeni aliyepotea njia. Mwenyeji husukuma mlango, huingia, na kuuliza chai iko wapi. Tangu atoke jela Wilf Snook alikuwa akibisha kila nyumba, hata ile aliyozaliwa, ambako sasa anaishi binamu yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwambia aache.

Shangazi Effie alijifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Wilf Snook," alisema, "ukithubutu kubisha, sikufungulii."